Gesi ‘imezima’: imezimwa, imezimika ama imejizima?

Jioni moja ya msimu wa mvua nilikuwa ndani ya matatu, nikitoka mjini Kisii kurudi nyumbani Nyakoe, simu yangu ilipolia. Aliyenipigia ni jirani yangu, mama mzee ambaye hatumwiti kwa jina. Tunamwita Mong'ina, kama heshima ya Abagusii inavyotaka. Alikuwa amebandika chinsaga tangu saa kumi, na kila anayeijua mboga hiyo anajua kwamba haipikwi kwa haraka.

“Mwalimu,” akasema, “gesi imezima.”

“Imezima? Basi washa tena, Mong'ina. Labda ni upepo tu.”

“Sawa, mwanangu.”

Mazungumzo yalikuwa hayo tu. Maneno machache ya Kiswahili ambayo mtu yeyote angeyaelewa, na ambayo hakuna mwalimu angeyatilia alama nyekundu. Nilipofika nyumbani nilikuta watu wamejaa kwake uani. Maziwa aliyoyaongeza kwenye mboga yalikuwa yamefurika, yakamwagikia moto, moto ukafa. Kitufe cha jiko kilibaki wazi. Kwa dakika kadhaa Mong'ina alikuwa nje akianua nguo, mvua ikitisha. Aliporudi alikuta jiko halina moto, akanipigia, kisha akafanya nilivyomwambia. Akawasha kiberiti.

Mwali uliruka ukamuunguza nyusi, kitambaa cha kichwa na mkono wa kulia. Bahati nzuri mlango ulikuwa wazi, kwa hivyo gesi nyingi ilikuwa imekwisha kutoka. Mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, alimwekea mkono chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika ishirini na kukataa katakata ushauri wa jirani aliyekuja na dawa ya meno. Mkono ulipona. Mimi sikupona haraka hivyo. Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, nimesahihisha vitenzi vya wanafunzi hadi kalamu zikaisha wino, na jioni ile nilishindwa kuuliza swali moja la kauli za kitenzi ambalo lingemwepushia mama wa watu moto.

Ndiyo sababu juma hili safu hii inaingia jikoni.

Kitenzi chenye nyuso mbili

Tuanze na kitenzi chenyewe. ‘Zima’ ni kitenzi chenye nyuso mbili. Kinaweza kuchukua yambwa: ‘Zima taa’, ‘Baba amezima redio’. Kinaweza pia kusimama bila yambwa: ‘Moto umezima’, ‘Simu imezima’. Kwa matumizi ya kwanza, kuna mtu aliyetenda. Kwa matumizi ya pili, hatujui kama kuna mtendaji wala hatuambiwi. Tukisema ‘simu imezima’ huenda betri imeisha, huenda mtoto amebonyeza kitufe, huenda simu yenyewe imekufa. Kwa simu, utata huu hauumizi mtu.

Kwa gesi mambo ni tofauti, kwa kuwa sentensi ‘gesi imezima’ ina kasoro nyingine inayojificha katika kiima. Gesi haizimi. Kinachozima ni moto. Tunaitaja gesi mahali pa moto kwa mtindo ule ule wa kusema ‘sufuria inachemka’ ilhali kinachochemka ni maji yaliyomo. Ni mazoea ya lugha zote kutaja chombo kwa kukusudia kilichomo, au chanzo kwa kukusudia tokeo. Ila hapa mazoea hayo yanaficha kitu. Msikilizaji akiambiwa ‘gesi imezima’ anapata picha ya kitu kilichokoma. Kumbe kilichokoma ni moto peke yake. Gesi haijakoma, inaendelea kumiminika kimyakimya sakafuni.

Kiswahili, hata hivyo, hakikutuacha mikono mitupu. Kimetupa viambishi. Hebu tazama:

(a) Moto umezimwa.
(b) Moto umezimika.
(c) Jiko limejizima.
(d) Mtu amezimia.

Katika (a), kiambishi -w- cha kutendwa kinatuambia kuna mtu aliyeuzima moto. Yamkini alizungusha kitufe, na gesi imefungwa. Katika (b), -ik- ya kutendeka inatuambia moto umefikia hali ya kutokuwapo bila ya mtu kukusudia: upepo, maziwa, mtungi kuisha. Katika (c), ji- ya kujirejelea inatuambia chombo chenyewe kimechukua hatua. Na (d) ni mtoto aliyehama nyumbani: umbo lake ni la kutendea, lakini maana yake imejitenga, ni kupoteza fahamu. Tutaona kwamba hata huyu ana undugu na gesi kuliko tunavyodhani.

Fundi mzuri wa gesi, awe anajua sarufi ama hajui, huanza na swali hili hili. Kabla hajafungua sanduku la vifaa, anataka kujua ni kipi kati ya hivi vinne kilichotokea. Nami nimejifunza kwamba mwenye nyumba anayejua kutofautisha viambishi hivi amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi.

Moto ukizimika

Gesi tunayopikia katika mitungi ya kilo 6 na kilo 13 ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, zilizoshindiliwa hadi zikawa majimaji. Lita moja ya majimaji hayo ikitoka mtungini huwa takribani lita 250 za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: propeni huizidi hewa uzito mara moja na nusu, byuteni mara mbili hivi. Kwa hivyo haipandi darini kama moshi. Huteremka, ikatambaa sakafuni, ikajaa chini ya meza na uvunguni mwa kitanda. Inapofika kama sehemu 2 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha.

Tena gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu kali tunayoijua, kama ya kabichi iliyooza, ni kemikali yenye salfa iliyotiwa makusudi ili pua itusaidie. Lakini pua ya mzee, au ya mwenye mafua, au iliyozoea mvuke wa chinsaga tangu saa kumi, si mlinzi wa kutegemewa.

Basi moto ukizimika, kitendo cha kwanza si kuwasha. Ni kufunga. Funga kitufe cha jiko, kisha funga mtungi. Fungua milango na madirisha. Usibonyeze swichi ya taa, iwe ni ya kuwasha ama ya kuzima, kwa sababu swichi hutoa cheche kwa vyote viwili. Toka nje kabla ya kupiga simu. Harufu ikiisha kabisa, ndipo urudi. Laiti ningemwambia Mong'ina neno moja, ‘funga’, pasingekuwa na makala haya.

Ona basi tofauti ya ‘zima’ na ‘funga’. Mtu aliyepuliza moto wa jiko la gesi kama mshumaa ameuzima, lakini hajafunga kitu. Aliyefunga mtungi amefanya yote mawili. Wapishi wengi wa kwetu walianza na kuni, wakaja makaa, wakaja mafuta ya taa. Katika moto wa kuni, kuzima ndiko kumaliza kazi. Ukishauzima, hatari imekwisha. Tumeihamisha lugha ya kuni hadi kwenye gesi bila kuifanyia marekebisho. Mtungi umeingia nyumbani mwetu, kitenzi kimebaki mekoni mwa mawe matatu.

Jiko moja, meko mengi

Nimetaja meko. Huku kwetu, na karibu Kenya nzima, ukisikia mtu akisema ‘nimenunua meko’ anakusudia mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Wanasarufi hukereka, maana ‘meko’ ni wingi wa ‘jiko’, kama ‘meno’ yalivyo wingi wa ‘jino’. Mimi sikereki sana. Soko limeuchukua wingi likaufanya umoja, na kila mtu anaelewana na mwenzake. Si kila kosa la ngeli linaunguza mtu.

Kuna maneno mengine ya mafundi ambayo yananitia wasiwasi zaidi. Katika soko la Nyakoe, kando ya barabara iendayo Kisumu, utasikia regyuleta, bana, mpira na washa. Regyuleta ni kile kidhibiti kinachokaa mdomoni mwa mtungi kupunguza kani ya gesi. Bana ni kichomeo, na tusikiite ‘kichomi’, kwa maana kichomi ni maumivu ya mbavu. Washa ni kile kipete cha mpira kinachoziba mwanya kati ya mtungi na regyuleta. Sasa fikiria fundi akimwambia mteja kwa simu: “Mama, kama inavuja, angalia washa.” Mteja anayejua washa kama nomino atatazama mpira. Mteja asiyejua atasikia kitenzi: angalia, washa! Tangu kisa cha Mong'ina nimewaomba mafundi wawili wa pale sokoni waseme ‘kipete’ ama ‘mpira wa ndani’. Mmoja alicheka. Mwingine alinyamaza kidogo, akasema amekumbuka mteja mmoja.

Na kipete hicho kidogo ndicho chanzo cha kuvuja kwingi. Hukauka, hupasuka, ama hupotea mtungi unapobadilishwa dukani. Chanzo kingine ni mpira wa gesi uliozeeka: ukiukunja ukaona nyufa, muda wake umekwisha, ununue mwingine na uufunge kwa vibanio, usiufunge kwa waya. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni. Changanya sabuni na maji, paka kwenye kila kiungo, fungua mtungi ukiwa umefunga jiko, tazama. Povu likifura na kutoa mapovu makubwa, hapo ndipo panapovuja. Wapo wanaoziba mahali hapo kwa kipande cha sabuni ya mche na kuendelea kupika. Sabuni ni kipimo, si dawa. Na wapo, Mungu atunusuru, wanaopima kwa kiberiti.

Hapa pia chagueni kitenzi vizuri. ‘Gesi inatoka’ haisemi lolote. Gesi hutoka kila tunapopika. ‘Gesi inavuja’ inasema inatoka pasipopaswa. Ukimpigia fundi, sema inavuja, kisha utaje mahali.

Moto unaowaka vibaya

Kabla ya moto kuzimika mara nyingi hutoa ishara, na ishara hizo zina rangi. Moto wa gesi wenye afya ni wa buluu na umetulia. Ukigeuka manjano, ukawa na ncha zinazochezacheza na kuacha masizi chini ya sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha. Sababu ya kawaida ni uchafu: uji uliomwagika ukakauka kwenye matundu, vumbi, ama utando wa buibui ndani ya koo la kichomeo. Funga mtungi, subiri kipoe, kitoe, kisugue kwa brashi na maji ya sabuni, kikaushe kabisa, kirudishe kikae sawasawa. Lile tundu dogo sana gesi inamopitia, usilitoboe kwa sindano wala msumari. Likipanuka hata kidogo, gesi itazidi hewa na moto utakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Moto ukiwa mdogo kwenye vichomeo vyote, shuku mtungi ama regyuleta. Ukiwa mdogo kwenye kichomeo kimoja tu, shuku kichomeo hicho. Kujua kilichobaki mtungini, upime kwa mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, toa uzito huo, kinachobaki ndicho gesi. Ama mwagia maji ya moto kiasi ubavuni, kisha pitisha kiganja. Panapoanza kuwa baridi ndipo majimaji yanapoanzia. Asubuhi za Julai huku milimani mtungi unaokaribia kuisha hudhoofika zaidi, kwa kuwa byuteni huchelewa kugeuka gesi kwenye baridi. Wengi huulaza mtungi ubavu ama kuutikisa ili “tone la mwisho” litoke. Hilo ni kosa kubwa. Mtungi ukilala, majimaji yenyewe huingia kwenye regyuleta, na lita moja ile hugeuka lita 250 mbele ya moto wako. Wengine huuweka karibu na jiko la makaa upate joto. Hao sina neno la kuwaambia ila: acheni leo.

Jiko likijizima

Januari iliyofuata, mpwa wangu anayeishi jimbo la Minnesota, Marekani, alinipigia. Huko wako Abagusii wengi, na baridi yake haina mfano hapa kwetu. Maji yakimwagwa nje huganda. Nyumba hupashwa joto na tanuri la gesi linalokaa chini ya sakafu. Wao wanaliita furnesi. Neno ‘tanuri’ sisi tunalijua kwa kuchomea matofali ama mkate, lakini sioni kwa nini lisimudu kazi hii: ni chumba cha moto, na feni kubwa inayosukuma hewa yenye joto hadi vyumbani.

“Mjomba,” akasema, “furnesi inawaka halafu inazima. Watoto wanalala na makoti.”

Safari hii nilikuwa nimejifunza. “Inazimika ama inajizima?”

Akanyamaza. “Tofauti ni gani?”

Nikamweleza. Gesi yao ya bomba ni metheni, nyepesi kuliko hewa, hupanda darini badala ya kutambaa sakafuni. Lakini tofauti kubwa ni kwamba tanuri lao lina walinzi. Themostati ikiomba joto, kwanza hugeuka feni ndogo ya kuvuta moshi. Swichi ya kani huhakikisha kwamba njia ya moshi iko wazi. Kisha kiwashio hung'aa kwa joto, vali ya gesi hufunguka, moto huwaka. Kijiti cha chuma kilichomo ndani ya moto hutoa habari kwamba kweli unawaka. Asipoonekana moto kwa sekunde chache, vali hufungwa. Mwisho huja feni kubwa. Mlinzi mmoja akikataa, mlolongo wote husimama. Hilo si kuzimika. Ni kujizima.

Kwa hivyo ukijua limejizima wakati gani, umemjua mlinzi aliyekataa. Lisipoanza kabisa, tazama betri za themostati, swichi ya umeme, na mlango wa tanuri kama umefungwa vizuri. Feni ndogo ikizunguka na moto usiwake, huenda bomba la moshi limezibwa na theluji nje ya nyumba, ama mfereji wa maji ya tanuri umeziba. Likiwaka sekunde chache na kujizima, kijiti cha moto kimeshika uchafu na hakiuoni moto ulio mbele yake; fundi hukitoa na kukisugua taratibu. Likiwaka dakika kadhaa ndipo lijizime, limepata joto kupita kiasi, na mara nyingi ni kwa sababu chujio la hewa limeziba.

“Lako linawaka kwa muda gani?”

“Dakika kama kumi.”

“Umebadilisha chujio lini?”

Kimya kingine. Alikuwa hajui kama lina chujio. Alilitoa likiwa na vumbi nene kama blanketi. Akanunua jingine usiku ule ule, tanuri likawaka likakaa. Nikamwambia bado aite fundi aliyesajiliwa alikague, maana joto lililopita kiasi huweza kupasua kuta za chuma zinazotenga moto na hewa ya nyumba, na ufa wa namna hiyo hauonekani kwa macho ya mjomba aliye Nyakoe.

Nilimwonya na jambo jingine. Kabla ya kunipigia alikuwa amelizima na kuliwasha tanuri lile mara sita, akitumaini litasahau. Kilichojizima kina sababu. Kukilazimisha kuwaka bila kuijua sababu ni kugombana na bawabu anayekuzuia usiingie nyumba inayoungua.

Majiko yetu mengi ya mezani na mitungi midogo hayana mlinzi huyo. Moto ukizimika, gesi haijui, itaendelea kutoka. Yapo majiko ya kisasa yenye kijiti cha kuhisi moto, na anayeweza kununua la namna hiyo, hasa kwa mzazi mzee, amenunua ji- moja yenye thamani kubwa. Asiyeweza, basi yeye mwenyewe ndiye mlinzi.

Mtu akizimia

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyehama nyumbani, ‘zimia’. Moto usiopata hewa ya kutosha, ule wa manjano, huzalisha gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu, na hakuna aliyeitia salfa ili tuinuse. Hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa hewa ilhali mapafu yanapumua. Huanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Kisha mtu huzimia. Aliyelala hupita moja kwa moja.

Minnesota hujilinda kwa king'ora kilichotundikwa karibu na vyumba vya kulala. Huku kwetu hatari kubwa zaidi si gesi, ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango ukafungwa na nguo kuwekwa chini yake kuzuia upepo. Makaa yakiwa mekundu bila moshi tunadhani yamekuwa salama. La hasha. Watu wawili ama watatu wa nyumba moja wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, msitafute malaria kwanza. Tokeni nje, kisha mtafute msaada.

Maneno kwenye mtungi

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi eneo la Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200. Tulijadili leseni, makazi na ukaguzi, na ilifaa tujadili. Lakini ajali nyingi za gesi hazifiki kwenye habari. Hutokea jikoni, jioni, baina ya mtu mmoja na kiberiti, na pengine baina ya watu wawili na kitenzi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Nikiweka vifungu hivyo viwili pamoja, naona mtungi wenye maelezo ya Kiswahili yanayosomeka hata na mtoto wa darasa la saba. Si maelezo marefu. Mistari minne ingetosha:

Moto ukizimika, usiwashe. Funga.
Ukisikia harufu, fungua mlango, usiguse swichi, toka.
Pima kwa povu, usipime kwa moto.
Mtungi usimame, usilale.

Tazameni kwamba sikuandika ‘gesi ikizima’. Waandishi wa maonyo, walimu wenzangu, watangazaji wa redio: tukubaliane kwamba katika habari za gesi, ‘zima’ isisimame peke yake. Ivalishwe kiambishi. Wanafunzi huniuliza kila mwaka, “Mwalimu, kauli za vitenzi zitatusaidia wapi maishani?” Zamani niliwajibu kwamba zimo katika mtihani. Sasa nawasimulia habari za mkono wa Mong'ina.

Juma lililopita alinipigia tena. Nilikuwa darasani, nikatoka nje haraka.

“Mwalimu, moto umezimika. Nimefunga jiko, nimefunga mtungi, mlango uko wazi, na mimi niko hapa nje chini ya mparachichi.”

“Vizuri sana, Mong'ina. Umesikia harufu?”

“Hakuna. Nadhani gesi imeisha. Nilikuwa nauliza tu kama unapitia sokoni.”